CD ya Mama Supu

"Muziki wenu ni makofi na bia tu."

Hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, jikoni mwa makao ya wazee ninakofanya kazi hapa Dublin. Nilikuwa namaliza zamu ya usiku, miguu imevimba, na redio iliyo juu ya friji ilikuwa inapiga ule wimbo wao wa baa, The Wild Rover. Mpishi wetu ni mama wa makamo kutoka Cavan, hapa hapa Ayalandi. Hapa nitamwita Mama Supu, kwa kuwa supu yake ya viazi imenivusha majira sita ya baridi. Hakunijibu. Alikuwa anamenya karoti, akaendelea kumenya.

Siku tatu baadaye akanipa CD. Ya kuchomewa nyumbani, imefungwa kwenye karatasi ya mkate, na juu yake kaandika kwa wino namba 1 hadi 14. Jina la wimbo hakuna, jina la mwimbaji hakuna. "Kasikilize garini," akasema. "Peke yako. Halafu uje uniambie tena habari za makofi."

Gari langu ni Nissan Micra kuukuu ambayo bado ina kile kitundu cha kumeza CD. Wenzangu hunicheka nayo. Siku hiyo ilinifaa.

Kwanza niseme chuki yangu ilikotoka, maana haikuwa ya bure. Nilipofika huku, kibarua changu cha kwanza kilikuwa kuosha glasi kwenye baa moja karibu na Temple Bar, mtaa ambao watalii hupelekwa kama kwetu Mombasa wanavyopelekwa Fort Jesus. Kila usiku watu wawili, mmoja na gita mwingine na banjo, walipiga The Wild Rover. Si mara moja. Mara tatu, na Jumamosi hata mara tano. Wimbo ukifika kiitikio, baa nzima inapiga makofi manne, wengine wanagonga meza, pa-pa-pa-pa, glasi zinaruka, na anayezoa vigae ni mimi. Ule wimbo wenyewe, maneno yake, sikuwahi kuyasikia. Nilisikia makofi.

Na ugonjwa huo nilikuwa nimeondoka nao nyumbani. Kabla ya Dublin nilikuwa weita Diani, miaka minne. Kila jioni, baina ya supu na samaki, vijana wa bendi wenye mashati ya kitenge walipita meza kwa meza wakiimba Malaika. Aliyewahi kubeba trei kwenye hoteli za pwani ananielewa. Mgeni anamshika mkewe mkono, anatabasamu, anatoa bakshishi. Wimbo wenyewe ni kilio cha kijana asiye na mahari, na nusu yetu pale tuliokuwa na trei mkononi tulikuwa hatujaoa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini tulikuwa tumeshaacha kuusikia. Ulikuwa ni ishara ya kwamba samaki wako tayari.

Basi nikatia CD nikiwa bado maegeshoni. Nje ni ile mvua ya Dublin, si ya kunyesha wala ya kukoma, rasharasha tu juu ya kioo. Ikaanza sauti nzito ya chini, inavuma mfululizo, kama friji ya duka ukiisikia usiku barabara ikiwa tupu. Juu yake akaja mwanamke, sauti kavu, hana haraka. Nikangoja ngoma ije. Haikuja. Ubeti wa pili ndipo nilipoutambua wimbo, na nywele zikanisimama. Ulikuwa ni ule ule! Lakini sasa nasikia maneno: mtu amemaliza miaka na pesa kwenye ulevi, na sasa anapiga hesabu ya kilichobaki, anawaza atarudi kwa wazazi wake na uso gani. Wanaume wanaingia mmoja mmoja kumsaidia, ule mvumo unapanda, unapanda, hadi mwisho unammeza yeye na toba yake. Dakika kumi na zaidi. Kofi hata moja hakuna.

Nikakaa na mikono juu ya usukani. Miaka yote ile naoshea glasi wimbo wa mlevi anayejuta, na wanaouimba ni walevi, na wanafurahi.

Hao ni Lankum, kundi la watu wanne wa hapa hapa Dublin, na huyo mwanamke ni Radie Peat. Wimbo huo unafungua albamu yao ya 2019, The Livelong Day, iliyopata tuzo ya Choice ya albamu bora ya Ayalandi ya mwaka ule. Zamani walijiita Lynched, wakichezea jina la ukoo la ndugu wawili waliomo, Ian na Daragh Lynch. Mwaka 2016 wakaliacha, kwa kuwa kwa Kiingereza lynched ni kuuawa na kundi la watu, na neno hilo halitenganiki na watu weusi wa Marekani waliokuwa wakinyongwa hivyo. Mimi ni mtu mweusi ninayeishi mjini kwao. Hawakuniuliza, lakini niliposoma hilo niliwapa alama zao. Jina jipya walilitoa kwenye utenzi mmoja wa kale wa mauaji, aliouimba John Reilly. Huyu alikuwa wa jamii ya Travellers, Waayalandi wa kuhamahama ambao nchi hii ilikuja kuwatambua rasmi kuwa kabila mwaka 2017 tu. Reilly alifariki 1969, fukara, miaka michache tu baada ya wakusanyaji wa nyimbo kumrekodi.

Ule mvumo uliniganda kichwani wiki nzima. Nikauliza unatoka wapi. Mama Supu akanielekeza kwenye zumari lao, ambalo si lile la Waskoti la kupuliza kwa mdomo. Hili mpigaji anakaa nalo kitako. Mvukuto mdogo, kama wa mhunzi, umefungwa chini ya mkono wa kulia. Chini ya mkono wa kushoto kuna mfuko wa ngozi, na pajani zimelala filimbi zinazotoa noti moja bila kupumzika huku vidole vinacheza wimbo juu. Linaitwa uilleann, kutokana na neno lao la kiwiko, kwa maana kazi yote ya pumzi inafanywa na viwiko. Nilikumbuka wapiga zumari wetu kwenye ngoma za harusi, mashavu yamevimba kama maembe. Huyu wa huku mashavu yake yamelala, anaweza hata kupiga soga na wewe huku anapiga. Lankum huuchota mvumo pia kwenye kinanda cha upepo, ndugu wa kile cha taarab za Mombasa za mtindo wa Kihindi. Nilipokisikia nikajua kwa nini sikukiona kigeni. Hata ile ngoma yao ya duara, bodhrán, yenye ngozi ya mbuzi upande mmoja, mtu wa pwani akiiona ataiita dufu, kisha atashangaa kwa nini inapigwa na kijiti.

Wimbo wa pili, wa tatu na wa nne nitavipita. Ni fidla za kuchezea miguu, nzuri, sina la kusema.

Wa tano nusura unifanye nivuke taa nyekundu. Mwanamke peke yake, na sauti ambayo haikupigwa pasi. Ina makunyanzi, inakwaruza, inashika irabu na kuikunja mpaka inageuka kitu kingine. Ni Lisa O'Neill, naye ni wa Ballyhaise, huko huko Cavan, kwa hiyo Mama Supu humtaja kama mtu anayemtaja binti wa dada yake. Wimbo ni Rock the Machine, wa albamu ya 2018, na anayesema ndani yake ni kuli wa bandari ya Dublin ambaye mashine imekuja kuchukua kazi yake.

Baba yangu alikuwa kuli Kilindini. Alikuwa na kulabu yake ya chuma yenye mpini wa mti, ya kunasia magunia, na mpini ulikuwa umelika pale vidole vyake vinapokaa, hata mtu mwingine akiishika haimkubali. Makontena yalipozidi, magunia yakaisha. Kreni moja na mtu mmoja ndani yake. Baba akarudi nyumbani Likoni, akaitundika kulabu kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuitaja tena. Mama akawa anaitumia kuopolea ndoo zilizotumbukia kisimani. Ndiyo kazi yake ya mwisho ile kulabu, na mpaka leo iko pale. Sikujua kwamba kuna mtu, upande wa pili wa dunia, ameutungia wimbo ule msumari nyuma ya mlango. Nilisimamisha gari karibu na kituo cha mafuta, nikaurudia mara mbili.

Kwenye albamu hiyo hiyo ana wimbo juu ya Violet Gibson, mwanamke wa Dublin aliyempiga Mussolini risasi huko Roma mwaka 1926. Risasi ikamchubua pua tu. Bibi huyo akafungiwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili Uingereza mpaka alipofariki, 1956. Miaka karibu thelathini. Mimi ninayewafungulia wazee milango kila asubuhi nilisoma hesabu hiyo mara mbili.

Wa saba ulikuwa kwa Kiayalandi, sikuambulia neno. Fidla polepole sana, piano inadondosha noti moja moja, na mwanamume anaimba kama anayesimulia jambo alilokatazwa kusimulia. Hao ni The Gloaming: fidla ni Martin Hayes wa Clare, piano ni Mmarekani Thomas Bartlett, na sauti ni Iarla Ó Lionáird wa Cúil Aodha, kijiji cha Cork ambako lugha hiyo haijafa. Albamu yao ya kwanza ni ya 2014.

Huo nikaupeleka kazini kwenye simu, kwa sababu ghorofa ya pili tuna mzee wa Connemara, upande wa magharibi ambako Kiayalandi bado kinasemwa. Mimi humwita "Mzee" tu. Nilimweleza kwamba kwetu hilo ni jina la heshima, akalipokea, na sasa manesi wote wanamwita Mzee wakidhani ndilo jina lake. Aliusikiliza wimbo wote macho yamefumba. Mwishowe akasema, "Anaweza. Ni mtu wa Cork, lakini anaweza. Ila mwondoe huyo wa piano."

Kwake yeye huo si wimbo mpaka viondoke vyote. Uimbaji wa kwao, sean-nós, yaani mtindo wa zamani, ni sauti tupu. Hakuna chombo, hakuna mapigo ya kuhesabu, na urembo wote uko kooni, kama vile msomaji mzuri wa kaswida anavyoipindapinda irabu moja mpaka wasikilizaji wanagutuka "Allah!" Nao wana ya kwao ya kumpa moyo mwimbaji. Mzee akanyoosha mkono. "Shika," akasema. "Uzungushe. Taratibu, si unasaga kahawa." Nikaushika mkono ule mwepesi wenye ngozi kama karatasi ya kufungia maandazi, nikauzungusha kama gurudumu la cherehani, na yeye akaimba beti mbili. Pumzi ilikatika mara tatu. Kila ilipokatika mkono ulisimama, nami nikasimama nao, mpaka ulipoanza tena wenyewe.

Nikamuuliza wimbo unasema nini.

"Mtu kazama."

Nikangoja.

"Basi. Kazama."

Siku nyingine alinieleza kuhusu kijiti. Babu yake, shuleni, alivishwa kijiti shingoni kwa uzi, na kila akisema neno la Kiayalandi kinachanjwa alama moja. Jioni mwalimu anahesabu alama, anatoa fimbo sawasawa na alama. Nikamwambia, Mzee, mimi nilivaa diski. Shule ya msingi, miaka ya themanini, kipande cha mbao kwenye uzi wa katani, kwa kosa la kusema Kidigo na hata Kiswahili, na anayekuwa nayo kengele ya mwisho ikilia anachapwa. Akanitazama muda mrefu. "Ya mbao gani?" akauliza. Nikasema sikumbuki, labda mwembe. "Yetu," akasema, "haikusemwa." Alionekana kuudhika kwamba babu yake hakumwambia.

Wa tisa ni John Francis Flynn, kijana wa hapa Dublin anayepiga filimbi mbili za bati zilizofungwa pamoja kwa gundi ya utepe. Kwenye albamu yake ya 2023 ameuchukua Dirty Old Town, wimbo mwingine wa baa zote za mji huu, akauimba kama mtu aliyeamka na homa. Nilipozoa vigae nilidhani mji mchafu unaosemwa ni Dublin. Kumbe ni Salford, Uingereza, na aliyetunga ni Ewan MacColl aliyezaliwa huko. Dublin waliukopa, na mkopo ukawa mali.

Wa kumi ni ndugu wawili waliokulia Carlow, Ye Vagabonds, sauti zimelaliana hujui ipi inaishia wapi, nao wanaimba habari za sungura anayewindwa na mbwa. Sisi tuliolelewa na hadithi za Sungura mjanja tunamngojea awapige chenga. Hawapigi. Nilikasirika kidogo.

Wa kumi na moja niliusikia kwa mara ya kwanza asubuhi niliyotoka kumwosha bibi mmoja aliyetutoka saa kumi za usiku. Nesi aliyekuwa zamu alifungua dirisha kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo desturi yao, roho ipate pa kutokea. Baridi ikaingia chumbani, tukamwosha tukiwa tumevaa makoti. Nikatoka, nikapitia Phoenix Park kwa kuwa sikutaka kufika nyumbani upesi. Kulikuwa na ukungu na swala wa pale wamesimama barabarani, hawana habari na mtu. Nikazima injini, CD ikaendelea.

Ni Lankum tena, Go Dig My Grave, wimbo unaofungua albamu yao ya 2023. Radie Peat anaanza peke yake, msichana anaagiza kaburi lake lichimbwe vipi. Nusu ya kwanza unaweza kuvumilia. Nusu ya pili maneno yameisha, na kinachobaki ni kitu kinachokwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayeyumba kwenye kiti, na sauti zinalia juu yake. Wenyewe wamesema sehemu hiyo waliijenga juu ya caoineadh, maombolezo ya wanawake wa zamani wa hapa waliokuwa wakiitwa msibani, wengine kwa malipo, kumlilia marehemu kwa beti. Mapadri waliipiga vita desturi hiyo mpaka ikatoweka. Nikacheka peke yangu garini. Hata mashekhe wetu hawataki kelele msibani, na hata kwetu wapo mabibi ambao hakuna shekhe aliyewahi kuwanyamazisha. Swala hawakuondoka. Ilibidi nipige honi, nami niliona vibaya kupiga honi.

Sasa nisije nikaonekana nimelishwa limbwata. Wa kumi na mbili ni mvumo wa dakika saba ambao hauna nyumba wala mlango. Simu haikuutambua na Mama Supu hakumbuki ni wa nani, na sioni hasara. Kuna vijana wa huku wameona giza linauza, kila wimbo wanauzika hata kama ulikuwa wa kubembelezea mtoto. Kulia nako kuna kiasi. Na Mama Supu analijua hilo, maana wa kumi na tatu aliuweka makusudi: The Mary Wallopers wa Dundalk, wale waliokuwa wakitangaza shoo kutoka nyumbani kwao wakati wa korona. Banjo, kelele, matusi, wimbo wa baa ukiimbwa na watu wanaojua maana ya kila neno wanalolipigia kelele. Nilijikuta nagonga usukani. Aibu ikanishika, nikatazama kushoto na kulia kama nani ananiona.

Wa kumi na nne umekwaruzwa. Unaanza, unakwama, unarudia silabi moja tu.

Nikarudi jikoni na karatasi ile ile ya mkate. Ilikuwa asubuhi, uji wa shayiri unatokota kwenye sufuria kubwa. Nikamwambia, Mama, nafuta kauli. Akasema kauli gani, kama vile amesahau. Halafu akataka CD ya kwetu, ya kulipa. Nikamwambia nimeanza, lakini nimekwama kwenye wimbo wa kwanza. Nataka Malaika, na kila ninayoipata ina zile gita za hotelini, naona trei. Nikamweleza habari ya Diani. Akazima kifyonza moshi ili asikie vizuri.

"Imba basi," akasema.

Sina sauti. Nikaimba hivyo hivyo, polepole, bila kitu, nimeegemea friji, na nilipofika pale kijana anapotaja umaskini wake nikasimama kumfafanulia mahari ni nini. Mama Supu alikuwa ameshika upawa, hakorogi.

"Na alimpata?"

"Hakumpata."

"Na huo ndio mnawaimbia watalii wakila?"

"Na nyinyi ule wa mlevi?"

Alinitazama. Kisha akageuka, akagonga upawa kwenye ukingo wa sufuria mara nne, pa-pa-pa-pa, na uji ukamrukia kwenye aproni.